JEMBE SI ADHABU: Maoni Yangu Kuhusu Bustani ya Nyuma ya Jikoni

Ndugu msomaji, kabla hujafungua ukurasa wa mashairi na vichekesho, naomba dakika zako chache. Najua habari za mboga hazina utamu wa hadithi za mapenzi. Hata wenzangu katika Chama cha Kiswahili waliposikia nitaandika kuhusu bustani walicheka, na mmoja akaniuliza, "Kwani umekuwa bwana shamba lini?" Siku ile sikumjibu. Jibu lake ni hili hapa.

Maoni yangu ni kwamba bustani ndogo ya nyuma ya jikoni ni akiba iliyo karibu zaidi na sahani zetu, na sisi wanafunzi wa shule za kutwa ndio tunaofaa kuitunza. Tusiwaachie nyanya zetu na mama zetu peke yao. Nasema tena kwamba kinachotuzuia sana si ukosefu wa shamba wala wa maji. Ni aibu. Tumezoea kuliona jembe kuwa adhabu.

Nitaeleza nilivyofika hapo. Kwetu Ronge nyumba nyingi zimejengwa mteremkoni, na nyuma ya jiko letu kuna kipande cha ardhi chenye hatua kumi na mbili kwa saba. Tangu nizaliwe kilikuwa cha nyanya. Namaanisha nyanya mzaa baba, si nyanya ya kupikia! Sikuwahi kujiuliza kile kipande kilipata wapi maji wakati wa kiangazi. Jioni mboga ilikuwa mezani, basi, tukala tukalala.

Septemba mwaka wa 2021 Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, na mvua ikaendelea kutusaliti mwaka wa 2022. Mahindi yetu yalikauka yakiwa kimo cha goti. Lakini nyuma ya jikoni kulikuwa na rangi ya kijani: mchicha, sukuma wiki, mnavu, kunde na malenge yaliyotambaa hadi kwenye ua. Kisha, katikati ya shida hiyo, nyanya akaugua mguu akalala wiki tatu.

Hakuna aliyeacha kumwagilia, maana hakuna mwingine aliyewahi kumwagilia. Siku ya nne mchicha uliinamisha vichwa. Juma lilipokwisha, kuku walikuwa wamepenya uani na kumaliza miche. Tukaanza kununua mboga, na bei ilikuwa si mchezo. Siku nyingine tulikula ugali kwa chai ya rangi. Usiku mmoja mdogo wangu akauliza, "Nyanya atapona lini tule mboga?" Watu wazima walicheka, lakini mimi sikucheka. Nilitambua kuwa watu saba tulikuwa tunakula mgongo wa mtu mmoja mzee.

Kesho yake nilichukua jembe. Nyanya alinielekeza akiwa kitandani, dirisha likiwa wazi, naye akipaza sauti kila nilipokosea. Nilikosea sana. Haya yafuatayo ndiyo niliyojifunza kwake na kwa makosa yangu, nanyi mkiyafuata hamtapoteza miche kama mimi.

Kwanza ni maji. Usiseme hakuna maji kabla hujahesabu yale unayomwaga. Nilihesabu ya kwetu kwa wiki nzima. Maji ya kuoshea mboga, ya kusuuzia vyombo na ya kusuuzia nguo yalifika karibu lita 20 kwa siku, yaani mtungi mmoja mzima. Kwa wiki ni lita 140 tulizokuwa tukizimwaga uani kutengeneza matope. Lakini tahadhari! Maji hayo si sawa yote. Yale ya kwanza yenye povu zito la sabuni ya unga, au yenye dawa ya kung'arisha nguo, yapelekwe mbali na mboga, kwa sababu chumvi na dawa zilizomo huharibu udongo na kuunguza mizizi. Niliua safu nzima ya miche kwa beseni moja la maji niliyofulia soksi nyeupe za shule. Maji ya kusuuzia ndiyo mazuri. Yamwage udongoni karibu na shina, si juu ya majani, na mara moja moja umwagilie maji safi ili chumvi isijilimbikize. Maji ya bafuni wapewe migomba. Usiyatie kamwe kwenye dania au kitu kingine kinacholiwa kibichi. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, kwani jua la saa saba hunywa maji kabla mizizi haijayaonja.

Pili ni kulinda maji hayo yasikimbie. Sisi wa milimani tuna tatizo ambalo watu wa tambarare hawalijui: udongo wetu unapenda kuteremka. Tuta lisifuate mteremko, likate mteremko. Juu ya tuta weka matandazo, yaani nyasi kavu, majani ya migomba au mabua yaliyokatwakatwa, ila usiyabananishe na shina lisije likaoza. Matandazo huzuia jua lisikaushe udongo, hupunguza magugu, na yakioza yanakuwa chakula cha mimea. Mimi mwanzoni niliyaona kama uchafu nikayafagia yote. Nyanya alipochungulia dirishani alipiga kelele jirani wakadhani mguu umezidi.

Tatu ni mbolea. Samadi mbichi ni moto. Nilichota kinyesi cha kuku kikiwa kibichi nikakizungushia sukuma wiki, nikidhani naharakisha mambo. Siku chache baadaye majani yalikuwa ya manjano, kingo zimeungua. Samadi ya mbuzi, ya ng'ombe au ya kuku lazima ikae ioze mpaka ipoteze harufu na joto. Kama hamfugi, fanyeni mboji. Rundika maganda ya ndizi, majani na mabaki ya mboga, changanya na udongo na jivu kidogo, nyunyiza maji na ugeuze mara kwa mara. Usitie nyama wala mafuta, utaita panya na mbwa wa kijiji kizima.

Nne ni kitalu. Mbegu za mboga nyingi ni ndogo kama vumbi, na ukizitupa hivi hivi zitaota zikiwa zimesongamana na kunyang'anyana chakula. Changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo uzimwage kwa mistari. Weka kivuli chepesi juu ya kitalu na umwagilie polepole. Miche ya sukuma wiki ikiwa na majani manne au matano, punguza kivuli siku chache ili izoee jua, kisha uihamishe jioni. Mwagilia kitalu kabla ya kung'oa ili mizizi itoke na udongo wake. Nafasi kati ya mche na mche iwe kama sentimita 45 hadi 60. Najua utaona ni nafasi kubwa inayopotezwa. Subiri mwezi mmoja utaniambia.

Tano ni wadudu. Pita bustanini kila siku, geuza jani uangalie chini yake. Vidukari, wale wadogo wanaojikusanya kama unga, ukiwaona mapema unaweza kuwaponda kwa vidole au kuwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo ya kipande. Mche ukiukuta umekatwa asubuhi kama kwa wembe, fukua udongo hapo hapo, maana mara nyingi utamkuta kiwavi amejikunja amelala baada ya kazi ya usiku. Walio na mwarobaini waponde majani, wayaloweke usiku kucha, wachuje na kunyunyizia jioni. Mkinunua dawa ya dukani, someni kibandiko na mhesabu siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma. Mboga iliyonyunyiziwa leo na kupikwa kesho inaweza kuwadhuru walaji.

Sita ni kuchuma. Sukuma wiki chuma majani ya chini, ubakishe ya juu yanayolisha mmea. Mnavu kata ncha ili utoe matawi, na uondoe maua, la sivyo utaacha kutoa majani ufikirie mbegu. Acha mmea mmoja wenye afya uzae. Tunda likiiva liminye ndani ya maji, osha mbegu, zianike kivulini. Hapo umepata mbegu bila kwenda dukani. Ila watoto wasile matunda mabichi ya mnavu, yana sumu.

Na kwa mwenye uwanja mdogo, liko gunia. Chukua kopo kubwa lisilo na kitako, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, na pembeni ujaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Vuta kopo juu kidogo, jaza tena, mpaka gunia lijae na nguzo ya kokoto ibaki katikati. Maji yanamiminwa kwenye kokoto na kufika hadi chini. Toboa ubavuni, panda mchicha na sukuma wiki. Gunia moja halitamaliza njaa, lakini litakupa kitoweo siku ambayo mfuko hauna kitu.

Sasa narudi kwenye hoja yangu ya jembe. Mwalimu mlezi wa chama chetu asinikasirikie, maana siisemi shule moja. Ni desturi iliyoenea katika nchi yetu kwamba aliyechelewa apewe jembe na aliyepiga kelele darasani akafyeke nyasi. Huku darasani somo la kilimo linatufundisha kuwa kilimo ni uti wa mgongo wa uchumi wetu! Tunakariri namna ya kutengeneza mboji kwa ajili ya mtihani, na maganda ya ndizi tunayatupa njiani tukirudi nyumbani. Sijawahi kuona mtu akiadhibiwa kwa kupewa kompyuta. Basi mtoto akijifunza miaka minane kuwa jembe ni la mkosaji, je, ni ajabu akikimbilia mjini kuuza maji ya chupa barabarani huku shamba la baba yake likiota miiba?

Wahenga hawakuwa na fikira hiyo. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakumpa jembe kwa sababu amekosa. Walimpa kwa sababu sasa ni mtu wa nyumbani, anakula nao na anafanya kazi nao. Jembe lilikuwa heshima. Sisi tumeligeuza kuwa fimbo yenye mpini mrefu. Pendekezo langu ni kwamba kila darasa lipewe tuta lake shuleni, na mtu yeyote asipelekwe pale kwa kosa. Hata ikiwezekana, mkosaji anyimwe zamu yake ya bustani wiki nzima. Mtacheka, lakini mjaribu muone.

Wapo watakaosema hatuna wakati, masomo ni mengi na mtihani wa kitaifa unakuja. Nakubali masomo ni mengi. Lakini mimi hutumia dakika kumi asubuhi na kumi jioni, na Jumamosi saa mbili. Wenzetu wa bweni hutucheka sisi wa kutwa kwa vumbi la miguuni na kwa kusoma kwa taa hafifu. Mimi nawajibu kwamba kuna jambo moja tunaloweza na wao hawawezi: kila jioni tunarudi nyumbani. Mmea hautaki mtu wa likizo. Unataka mtu wa kila siku.

Wengine watasema wanyama. Hapo sina majivuno. Zaidi ya nusu ya eneo la Taita Taveta ni mbuga ya Tsavo, na ndugu zetu wa Ronge Nyika na wa upande wa Voi wanajua ndovu akiingia usiku hakuna cha bustani wala gunia. Kuku na mbuzi unaweza kuwazuia kwa ua wa miti na miiba. Ndovu ni hadithi nyingine. Hata hivyo watu hawajakata tamaa. Kule Sagalla, karibu na Voi, wakulima wa Mwakoma wakishirikiana na mtafiti Lucy King walianza mwaka wa 2009 kuzungushia mashamba uzio wa mizinga ya nyuki, kwa sababu ndovu huogopa nyuki. Uzio huo haumzuii kila ndovu, lakini umewapunguza, na asali inauzwa. Hilo linafanyika kwenye kaunti yetu wenyewe.

Na wengine, hasa wavulana wenzangu, watasema kimoyomoyo kuwa ni kazi ya wanawake. Hao nawaelekeza Kilimanjaro, mlima ambao watu wa Taveta wanauona kila asubuhi isiyo na mawingu. Wachaga wa kule wana kihamba, shamba linalozunguka nyumba. Juu kuna miti mikubwa, chini yake migomba, kisha kahawa, na chini kabisa magimbi na mboga. Maji huletwa kwa mifereji waliyochimba mababu. Kihamba hurithishwa kizazi hadi kizazi, na si aibu ya mtu bali ni fahari ya ukoo. Mwaka wa 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huo wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Bustani ya nyuma ya jikoni, ndugu zangu, imetambuliwa na dunia nzima!

Tatizo letu ni kudharau kilicho karibu. Nitatoa mfano mmoja wa mwisho. Katika msitu wa Mbololo, si mbali na kwetu, kuna ua dogo la zambarau linaloota kivulini kwenye miamba. Wataalamu walilipa jina mwaka wa 1958 wakaliita Saintpaulia teitensis, yaani la Taita. Jamaa zake kutoka Usambara walipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, wakapewa jina lake mwaka wa 1893, na leo wamo katika vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Wenye maua hayo huyamwagilia kwa uangalifu bila kulowesha majani na huyakinga na jua kali. Sisi tunapita tukienda kuokota kuni. Sisemi mkaling'oe, la hasha! Liacheni msituni, ndiko kwao. Nasema tu kwamba mtu wa mbali aliona thamani mahali ambapo sisi tuliona majani tu. Mnavu nao ni hivyo hivyo. Tuliuita gugu, tukaung'oa, na sasa tunaununua sokoni Mwatate kwa fungu.

Nyanya alipona. Anatembea kwa mkongojo na hainami tena. Jioni huketi kwenye kigoda karibu na migomba akinitazama, na bado anapaza sauti, ingawa sasa si mara nyingi. Mwaka jana nilipeleka mafungu ya mnavu Mwatate siku ya Jumamosi, wanafunzi wenzangu wawili wakanipita wakicheka. Niliona haya, sitadanganya. Lakini jioni nilirudi na pesa za madaftari matatu, na nyumbani bado kulikuwa na mboga ya wiki nzima. Mdogo wangu naye ana mche wake kwenye kopo la mafuta. Hajaambiwa na mtu. Aliniona nikifanya, akaiga.

Basi, wanachama wenzangu, kidole kimoja hakivunji chawa. Mkutano wa kwanza wa muhula ujao nitakuja na mbegu za mnavu zilizofungwa kwenye karatasi za daftari la zamani, za kumtosha kila atakayetaka. Anayetaka anishike mkono baada ya mkutano, na kama anaona haya, anifuate njiani tukirudi nyumbani. Na yule aliyeniuliza nimekuwa bwana shamba lini, fungu lake la kwanza nimemwekea.

Wasalaam.